Mwongozo kamili: kuchonga na kufunga spindo ya uzi kwenye prese ya muhogo isikwame wala isile nati

Jinsi ya kuchonga na kufunga spindo, yaani ile shafti yenye uzi inayozungushwa ili kukandamiza muhogo kwenye prese, ni swali nimeulizwa mara nyingi sana, kwa simu na ana kwa ana hapa karakana, na jibu huwa refu kuliko salio la simu, kwa hiyo leo naliandika lote. Spindo imekwama. Nati imekula uzi tena. Prese inazunguka lakini muhogo haukamuki. Matatizo matatu, na karibu kila mara chanzo ni kimoja.

Mama mmoja wa kikundi cha kusindika muhogo huku nje ya Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, alinijia na unga mweusi ameufunga kwenye kitambaa. Akaufungua juu ya meza yangu, akanionyesha na kidole, akaniuliza, "Mwanangu, hii ndo tunakula?" Nikamwambia, "Hapana mama, hii ni chuma ya spindo yenu inayosagika, imechanganyika na grisi." Unga ule ulikuwa unadondokea kwenye gunia la muhogo uliokunwa. Nilipoenda kuiona prese nikakuta nati ya chuma imechomelewa JUU ya boriti, weldi imeshapasuka upande mmoja, na ndani ya nati uzi wa upande wa kushoto unang'aa kama kioo wakati upande wa kulia bado una alama za kisu cha lethi, ile mashine ya kuchongea chuma. Upande mmoja ulikuwa unafanya kazi yote peke yake.

Kabla hujakata chuma, shika hili: spindo inajua kazi moja, kusukuma kwa urefu wake. Haiongozi bamba linalokandamiza muhogo, haishikilii fremu, haivumilii kusukumwa ubavuni. Ukiipa kazi ya pili italipiza kwenye nati. Hatua zote hapa chini ni za kuhakikisha inabaki na kazi yake hiyo moja.

Prese ninayoizungumzia ni ile ya mkono, nguzo mbili, boriti juu, nati imekaa kwenye boriti haizunguki, spindo inazunguka na kushuka ikisukuma bamba.

## Vitu vya kuandaa

- Shafti ya EN8 au C45 (chuma chenye kaboni ya wastani), kipenyo 32 mm, urefu 700 mm. Ekseli ya zamani ya gari inafaa kama haijapinda, ila nyingine zimeunguzwa ngozi zikawa ngumu mpaka kisu kinateleza, jaribu na faili kwanza.
- Bronzi ya duara kwa ajili ya nati, urefu 65 mm, pana ya kutosha kutoa flenji (ukingo mpana wa kufungia bolti) ya 120 mm. Kama bronzi pana ni ghali, chonga bushi (kipande cha duara chenye tundu katikati) ya bronzi 50 mm uipachike kwa kubana ndani ya flenji ya chuma, na hiyo bushi iwe na ukingo wake chini unaoshika flenji isije ikapandishwa juu.
- Beringi ya tulasti, ile inayobeba mzigo wa kusukuma kwa urefu, namba 51104 (tundu 20 mm, nje 35 mm, kimo 10 mm).
- Chaneli mbili za chuma za boriti, nguzo mbili za duara zilizonyooka, na bushi za kuongoza bamba.
- Bolti 4 za M12 (kipenyo 12 mm) za daraja la nguvu 8.8, washa nene, na bolti ya M10 ya mwisho wa spindo.
- Vania (kifaa cha kupimia vipenyo), skwea, timazi, wino au mkaa wa kupakia alama, grisi.

Ukinunua shafti au spindo iliyochongwa tayari Katwe au Kisenyi, mitaa ya mafundi Kampala, afu unaisafirisha kwa basi, tafadhali ifunge kwenye chuma cha L chenye urefu uleule, sehemu tatu, kwa mpira wa ndani wa tairi. Nimeshapokea spindo nzuri kabisa iliyopinda kwa sababu ililala juu ya basi chini ya magodoro na mabaiskeli kutoka Kampala mpaka huku.

## Hatua ya 1: Chagua uzi sahihi

Usitumie fimbo ya uzi ya dukani ile ya bolti. Najua ni bei rahisi na iko tayari, lakini uzi wa bolti una pembe ya nyuzi 60 na kazi yake ni kubana na kukaa. Ukiuzungusha kila siku chini ya mzigo unafanya kama kabari, unaipanua nati kwenda nje, msuguano unazidi na ncha zake nyembamba zinaliwa haraka.

Tunataka uzi wa trapeza, pembe nyuzi 30, meno mapana na bapa. Kwa prese hii tumia Tr 30x6, maana yake kipenyo cha nje 30 mm na pichi 6 mm. Pichi ni umbali kutoka jino mpaka jino. Kama uzi una mwanzo mmoja, mzunguko mmoja wa mpini unashusha bamba 6 mm. Kama una mianzo miwili, mzunguko mmoja ni 12 mm.

Hapo watu wengi wanavutiwa na mianzo miwili, inashuka haraka. Kwa prese usifanye hivo. Uzi wa mwanzo mmoja unajishikilia, ukiachia mpini prese inabaki imebana na maji yanaendelea kutoka taratibu wakati wewe unakuna muhogo mwingine. Mianzo ikiongezeka mteremko wa uzi unakuwa mkali na mzigo unaweza kuirudisha spindo nyuma yenyewe, na mpini ukirudi kwa kasi unavunja mkono.

Hesabu fupi ili ujue unacheza na nguvu gani: kwa Tr 30x6 yenye grisi, kusukuma tani 1 kunahitaji kama Nm 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye mpini, ukiacha msuguano wa mguuni, yaani ncha ya chini ya spindo. Mpini wa jumla 60 cm, mikono miwili, kila mkono ukisukuma kama kilo 15, unapata karibu Nm 88, ambayo ni kama tani 2 na nusu mpaka 3. Inatosha kabisa kukamua gunia. Zaidi ya theluthi mbili ya jasho lako inaishia kwenye msuguano wa uzi, na ni msuguano huohuo unaoishikilia spindo isirudi, kwa hiyo usiuhesabu wote kama hasara.

## Hatua ya 2: Kuchonga spindo

Kama huna lethi, mpelekee fundi karatasi yenye vipimo hivi, usimwambie tu "nichongee uzi wa prese":

- kipenyo cha nje 30 mm
- kipenyo cha shina la uzi 23 mm, yaani kina cha 3.5 mm kila upande
- kisu chenye pembe nyuzi 30, ncha bapa yenye upana kama 1.9 mm
- uzi urefu 550 mm, mwanzo mmoja, wa kulia

Shafti ishikwe na senta ya nyuma, na kwa urefu huu iwekwe stedi pia (kishikio cha katikati ya shafti), bila hivo katikati inakimbia kisu na spindo inakuwa nene katikati. Utaigundua baadaye nati ikiingia vizuri mwanzoni afu ikigoma katikati.

Kabla ya kukata kwa kina, kwaruza tu alama nyepesi safari moja ya kwanza, simamisha mashine, pima meno 10. Lazima iwe 60 mm. Ikiwa 63.5 mm basi gia zimepangwa kwa inchi, yaani meno 4 kwa inchi, na umeokoa shafti nzima kwa dakika mbili. Na kama lethi yenyewe skrubu yake kuu ni ya inchi, usifungue nati ya kukamata (ile ya lethi inayoshika skrubu kuu) kati ya safari moja na nyingine, rudisha kwa kugeuza mota, la sivyo kisu kitarudi kwenye njia nyingine na kukata jino.

Ondoa kidogo kidogo, spidi ya chini, mafuta mengi ya kukatia. Mwisho piga faili nyepesi kwenye kingo za meno na uchonge mwanzo wa uzi uwe na mteremko. Ukingo mkali hapo ni wembe, utaikwangua bronzi kila unapozungusha.

Imefaulu ikiwa: ukiiviringisha juu ya meza bapa huoni mwanga ukipanda na kushuka chini yake, na vania inasoma kipenyo kilekile mwanzo, katikati na mwisho. Ukiwa na dayo geji (saa ya kupimia kuyumba), kuyumba kusizidi 0.2 mm kwa urefu wote.

## Hatua ya 3: Nati

Kwa nini bronzi? Kwa sababu kitu kimoja lazima kiishe kabla ya kingine, na ni heri iishe nati fupi kuliko spindo ndefu. Pia chuma juu ya chuma zinashikana na kung'oana ngozi, ndo ule unga mweusi wa yule mama.

Toboa tundu la 24 mm, afu kata uzi wa ndani mpaka kipenyo cha 31 mm. Urefu wa nati uwe 60 mm, mara mbili ya kipenyo, hapo unapata meno 10 yanayogawana mzigo. Nati ya 20 mm, ambayo naikuta sana, ina meno matatu tu na yataisha mapema hata bronzi ikiwa nzuri namna gani.

Jaribu kwa spindo yenyewe, si kwa kubahatisha. Pakaza mafuta, zungusha nati kwa vidole viwili kutoka mwanzo mpaka mwisho wa uzi. Isukume na kuivuta kwa urefu: mchezo mdogo wa 0.1 mpaka 0.2 mm ni mzuri, grisi inahitaji pa kukaa. Ikibana sehemu moja usiilazimishe kwa spana, paka wino, zungusha, itoe, angalia wino umefutika wapi.

## Hatua ya 4: Fremu kwanza, matundu baadaye

Weldi inavuta chuma ikipoa, hilo hulishindi. Kwa hiyo chomelea fremu yote kwanza, ukigusa kidogo kidogo pembe zinazotazamana, iache ipoe kabisa, afu ndo utoboe tundu la nati. Ukitoboa kabla, tundu litahama na utaanza kulaumu lethi.

Pima kona kwa kona, vipimo viwili visipishane zaidi ya 1 mm. Nguzo ziangalie kwa timazi pande mbili. Bamba la kukamulia liwe na bushi ndefu kwenye nguzo zote mbili, kama 80 mm, na lipande na kushuka kwa mkono bila spindo kuwepo kabisa. Likikwama sasa, usijidanganye kwamba spindo italinyoosha. Hapa ndo mahali spindo inapewa kazi ya pili.

## Hatua ya 5: Kufunga nati kwenye boriti

Hii ndo hatua inayoharibu prese nyingi, soma polepole.

Flenji ikae CHINI ya boriti. Fikiria nguvu inaenda wapi: spindo inasukuma muhogo chini, muhogo unaisukuma spindo juu, spindo inaipeleka nati juu. Nati ikiwa chini ya boriti, mzigo unaikandamiza kwenye boriti, na bolti zinakaa tu kuishikilia isizunguke. Nati ikiwa juu ya boriti, tani zote zinaning'inia kwenye bolti au kwenye weldi. Weldi ya yule mama ilipasuka kwa sababu hiyo hiyo.

Usichomelee nati. Joto linaipinda, na ikiisha utaitoaje? Toboa matundu ya 14 mm kwenye boriti kwa bolti za M12, hiyo nafasi ya 2 mm ni ya kuhamisha nati.

Sasa kunyoosha. Kaza bolti kwa mkono tu, weka spindo bila kuiunganisha na bamba, na uchore alama ya msalaba katikati ya bamba. Bamba likiwa juu na spindo iko juu, hamisha nati mpaka ncha ya spindo ielekee katikati ya msalaba. Afu shusha spindo na bamba pamoja mpaka chini, kama 300 mm, uangalie tena ncha iko wapi.

- Ncha imebaki katikati: nati imenyooka. Kaza bolti kwa msalaba, zamu kwa zamu.
- Ncha imehama upande mmoja: nati imeinama. Weka kipande chembamba cha bati kati ya flenji na boriti, *upande uleule ambao ncha imehamia*.

Unene wa bati si wa kukisia. Tuseme ncha imehama 2 mm katika mteremko wa 300 mm, na bolti zako zimepishana 90 mm. Gawa 2 kwa 300, zidisha mara 90, unapata 0.6 mm. Kata bati, pima kwa vania, weka, kaza, rudia kuangalia. Bati la kopo la soda ni kama 0.1 mm, linafaa kwa marekebisho madogo.

Imefaulu ikiwa: juu na chini ncha inahama chini ya nusu milimita, na mpini una uzito uleule mkononi safari nzima. Mkono wako ni kipimo kizuri sana hapa, fumba macho uzungushe.

## Hatua ya 6: Mguu wa spindo

Ncha inazunguka, bamba halizunguki. Ukichomelea ncha kwenye bamba, bamba linataka kuzunguka pia, linasukuma nguzo na kuchana magunia. Ukiacha chuma kwa chuma, nguvu nyingi inaliwa hapo na ncha inapanuka kama uyoga.

Chonga ncha iwe 20 mm kwa urefu wa kama 25 mm, ukiacha bega lililonyooka. Beringi ya tulasti inakaa kati ya bega na kikombe kilichofungwa juu ya bamba. Angalia vizuri zile pete mbili za beringi, hazilingani: moja tundu lake ni 20 mm kamili, nyingine ni 21. Ile ya 20 inavaa spindo juu, ile ya 21 inakaa kwenye kikombe chini. Ukizigeuza, pete iliyosimama inakwaruzana na shafti inayozunguka na beringi inakufa mapema.

Kikombe kiwe kipana kidogo kuliko beringi, kama 36 mm, ili iweze kujisogeza. Mwisho, bolti ya M10 na washa nene chini ya kikombe, kwa ajili ya kuinua bamba tu, iachie mchezo wa nusu milimita. Funika kwa mpira, maji ya muhogo yana asidi na yanakula chuma usiku mmoja.

## Hatua ya 7: Mpini

Kichwa cha mpini kivae juu ya spindo kwa pini ya kupita. Usikichomelee, EN8 ina kaboni ya kutosha kupasuka pembeni ya weldi ikipoa haraka.

Urefu wa mpini 60 cm kwa jumla, basi. Usiongeze bomba. Vijana wawili wenye bomba la mita moja kila upande, wakisukuma kwa kilo 40 kila mmoja, wanafikisha tani 20 na kitu kwenye hesabu, na kabla ya kufika hapo boriti imeinama au nguzo zimefunguka watu wakiwa wamesimama karibu. Kama muhogo haukamuki, subiri dakika tano, kaza nusu mzunguko, subiri tena. Maji yanahitaji muda wa kutafuta njia.

## Hatua ya 8: Grisi na kuzoesha

Paka grisi nyembamba, uzi wote, ukitumia mswaki wa zamani. Tafuta grisi inayoruhusiwa kwa mashine za chakula, na hata ukiipata usiache idondoke: kata duara la mpira lenye tundu la kubana, livishe kwenye spindo juu kidogo ya mguu likamate matone. Mafuta ya kupikia usitumie, yanaganda kama gundi na kukusanya vumbi.

Zungusha juu chini mara 20 bila mzigo. Toa spindo, ifute, angalia nati kwa tochi. Mng'ao uwe mzunguko mzima wa jino. Ukiwa upande mmoja tu rudi hatua ya 5, usiendelee kwa kusema itajizoesha, haijizoeshi, inajila. Vumbi la njano kidogo mara ya kwanza ni kawaida, lifute, paka grisi mpya, afu anza na nusu mzigo siku ya kwanza.

## Ikisumbua baadaye

Mpini mzito chini tu, juu mwepesi: nati imeinama au nguzo zimebanana chini. Toa bolti ya M10, inua spindo, shusha bamba peke yake. Likishuka vizuri tatizo ni nati.

Mzito kila mzunguko sehemu ileile: spindo imepinda. Iviringishe mezani.

Inalia kama mlango mkavu: grisi imeoshwa. Safisha kwanza, usipake mpya juu ya uchafu, uchafu wenye grisi unasaga kama msasa.

Mchezo umeongezeka: spindo ikiwa imelegea, isukume juu na kuivuta chini. Jino la pichi 6 lina unene wa kama 3 mm katikati, mchezo ukifika 1 mm agiza nati mpya, ukifika 1.5 mm acha kutumia prese hiyo leo leo. Meno yakiisha hayaonyi, yanakatika yote pamoja.

## Kama unatengeneza mashine nyingine

Kwenye meza ya kupasulia mbao au mashine ya mota, mara nyingi spindo inazunguka palepale na nati ndo inatembea. Hapo upande mmoja wa spindo ufungwe na beringi za kushika mzigo pande zote mbili, na upande wa pili uachwe huru kuteleza kwa urefu, kwa sababu spindo inapata joto na kurefuka, ukiibana pande zote itajipinda katikati. Nati iendelee kuwa na matundu mapana ya bolti, na inyooshwe ikiwa karibu na upande uliofungwa, ndo ukaze.

Mwendo ni rahisi kuhesabu: mizunguko kwa dakika mara pichi. Mota ya 1400 ikipunguzwa mara 10 kwa puli inatoa 140, mara 6 mm ni 840 mm kwa dakika. Trapeza ikizungushwa na mota mfululizo inachemka, shika nati kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, ukishindwa kuuacha mkono hapo basi punguza spidi au mzigo.

Yule mama tulimfungia nati ya bronzi chini ya boriti, tukaweka bati la 0.8 mm upande wa kushoto. Wiki iliyofuata alinipigia. Kitambaa cheupe alichokitandika chini ya nati kimebaki cheupe, akaniuliza kama aendelee kukiweka. Nikamwambia aendelee, akikague kila jioni.